Siku za Kutomshika Émile

Jumatano, 26 Julai 1961

Nimerudi kutoka hospitali mikono mitupu. Hapana — nimerudi na aibu, na aibu nayo ni mzigo.

Kutoka nyumbani Naviundu hadi mjini kwa miguu. Baridi ya asubuhi inakata masikio, watu wamejifunga mablanketi, na mimi peke yangu natoka jasho kama mpika pombe. Moyo unapiga, unapiga. Nilikaa mara mbili kando ya barabara nikajifanya nafunga kiatu. Kufika kule, daktari, Mbelgiji mwenye miwani mizito, akaniambia nifungue kitambaa cha shingo. Akatazama. Akamwita muuguzi. Wakatazama wote wawili, kama watu walioona mchwa kabatini.

Shingo yangu ni ya kahawia. Bila shaka ni ya kahawia! Mama mkwe anaipaka iode, ile dawa ya kahawia ya vidonda, kila jioni tangu Pasaka, kwa unyoya wa kuku. Kwetu kila kilichovimba hupakwa iode — goti, ufizi, kidole cha mguu, na sasa shingo ya mkamwana. Ile chupa anaificha chini ya godoro lake ili nisiimalize bila yeye kujua.

Muuguzi wa chumba cha mashine anaitwa Alphonse, mtu wa hapa Katanga, si wa Kasai kama sisi, mpole, anasema polepole kama anayemlisha mgonjwa uji. Akanieleza. Ndani ya shingo kuna tezi, na chakula cha tezi hiyo ni iode. Walitaka kuninywesha iode kidogo yenye moto wake. Ni moto usioonekana, ila mashine inausikia. Wangetazama tezi inaila kiasi gani, na inaila upande upi. Lakini yangu imeshajaa.

“Muntu ameshiba bukari,” akasema, “ukimuletea sahani ingine, ataisukuma. Mashine haitaona kintu.”

Nirudi baada ya wiki nne. Nisipakwe tena iode. Nisinywe dawa ya kikohozi ya dukani, maana nayo mara nyingi ina iode ndani. Wiki nne! Nimekonda hadi pete inacheza kidoleni. Nakula sahani yangu na ya mume wangu Lucien. Mikono inatetemeka, uzi hauingii tena kwenye sindano, na mshonaji asiyeweza kutia uzi ni mshonaji gani? Daktari anasema bila picha hajui kama ni tezi nzima inayowaka au ni uvimbe mmoja tu, na bila kujua hilo hakati wala hatoi vidonge. Na moyo hautavumilia mwaka mwingine wa namna hii. Alisema hivyo huku anaandika, hakuinua hata kichwa.

Nilipokuwa mlangoni Alphonse akaniuliza kama nanyonyesha. Nikasema ndiyo, Émile, miezi saba. Uso wake ukabadilika. Akasema basi nimwachishe kabla ya kunywa, na nisimrudishe tena kwenye titi, huyu basi. Mwingine akizaliwa atanyonya kama kawaida. Maziwa yanabeba ile iode, na shingo ya mtoto ni ndogo, itaila yote na kuungua. Halafu kwa siku kadhaa nisimweke kifuani, nisilale naye, mpaka dawa ipungue yenyewe.

Nikamuuliza kama itaniumiza mimi. Akasema kwangu ni kidogo sana, nusu itatoka kwa mkojo. Ninywe maji mengi, ninawe mikono. Akasema pia hasira zangu ni sehemu ya ugonjwa. Lucien atafurahi! Siku zote alidhani nimezaliwa hivi.

Jumapili, 30 Julai 1961

Lucien amekuja jana jioni kutoka Jadotville, anakouza vitambaa dukani kwa Mgiriki wiki nzima. Nilimweleza baada ya misa. Alisikiliza vizuri mpaka nilipofika kwenye moto usioonekana. Akaacha kutafuna.

Akaniuliza kama ni lile jiwe la Shinkolobwe. Kila mtu hapa analijua jiwe lile, lililokwenda Amerika likawa bomu. Nikasema si lile, hii ni iode, inatoka Ulaya kwa ndege kwenye chupa ndogo. Akasema bomu nalo lilikwenda kwa meli kama bidhaa yoyote. Nikasema Alphonse anaishika kila wiki na nywele zake zote ziko kichwani. Ndipo Lucien akauliza, polepole sana, Alphonse ni nani.

Mama mkwe, Mama Clotilde, alikuwa anamwogesha mtoto. Kuhusu iode yake, aliichukua chupa akaifunga ndani ya kitambaa. Lakini kuhusu kuachisha alisema. Mama Clotilde hapazi sauti kamwe, ndiyo maana maneno yake yanakaa.

“Mutoto wa miezi saba anaachishwa juu ya mimba ingine, Mama Émile. Weko na mimba?”

Sina mimba. Nilisema sina, nikavunja kikombe. Ugonjwa, nikasema! Ni ugonjwa!

Jumatatu, 7 Agosti 1961

Kuachisha hakuendi. Mchana ninampa maziwa ya kopo, anayatema. Alasiri nikijilaza kidogo, mama mkwe ananiwekea mtoto titini, nami naamka naye ameshashiba. Anakuwa amekaa kando anatazama ukuta. Nifanye nini, nimpige mama wa mume wangu?

Shingo imeanza kurudi rangi yake.

Jumanne, 15 Agosti 1961

Sikukuu ya Maria. Baada ya misa watu hawakukaa kuzungumza kama kawaida. Wanasema nyumba zetu sisi watu wa Kasai zinatazamwa, kwamba kuna vijana wa Katanga wanaotuita wageni, wanapita kuuliza nani anakaa wapi. Wengine wameshahamia karibu na askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, wakalala chini ya miti. Mama mkwe anasema ni uvumi. Lisemwalo lipo. Jirani yetu Virginie, mwenzangu wa kuchota maji miaka yote hii, leo alinisalimu kwa nyusi tu.

Ningependa kuogopa hayo. Lakini mtu ana nafasi moja tu ya hofu, na yangu imejaa. Usiku naweka mkono kifuani na kuusikia moyo ukipiga haraka haraka, halafu unasimama kidogo, halafu unaendelea. Nikifa, Émile hatanikumbuka hata sura.

Jumatatu, 21 Agosti 1961

Imefika! Alphonse mwenyewe amekuja kwa baiskeli baada ya kazi. Ndege ilileta chupa juzi. Niende kesho asubuhi bila kula. Nilimuuliza kama ninaweza kungoja mpaka Jumamosi, Lucien awepo nyumbani. Akasema dawa hii haingoji mtu. Hata ikifungwa kwenye kasha la madini ya risasi inapungua yenyewe kila siku, na hakuna anayejua kama ndege nyingine itakuja, mambo yalivyo.

Tulisimama nje, karibu na ua, kwa sababu ndani kulikuwa na moshi. Alizungumza karibu karibu, jirani wasisikie ni ugonjwa gani. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa dirishani.

Nimemnyonyesha Émile mara ya mwisho. Alinyonya hivi hivi, huku anacheza na kifungo changu, bila kujua lolote. Nililia. Sasa nimejifunga kifua kwa kipande cha shuka, kimekazwa hasa.

Jumanne, 22 Agosti 1961

Nimekunywa.

Maji! Kikombe kidogo cha maji yasiyo na ladha, kwa mrija. Nilijiandaa kwa uchungu, kwa harufu, kwa radi — na yalikuwa maji. Alphonse alishika chupa kwa koleo ndefu, amesimama mbali, na mimi niko karibu nayo kwa midomo yangu. Nikamuuliza, imekuwaje wewe unaikimbia nami naimeza? Hakukasirika. Alisema yeye anaishika kila wiki maisha yake yote, mimi mara moja tu. Jibu zuri. Ningependa mtu awe ananijibu hivyo nyumbani.

Akarudia: maji mengi, mikono safi, mtoto mbali. Hata akilia. Nikimpenda, mbali.

Jumatano, 23 Agosti 1961

Leo picha. Ulilala chali, mto chini ya mabega, shingo nje kama ya kuku wa Noeli — hivyo ndivyo ulivyo, Mujinga (ndilo jina langu la Kiluba, lugha yetu ya Kasai, si tusi), binti uliyefunzwa na masista! Chombo kizito kinaning'inia juu ya koo, kinakwenda kushoto, kinarudi kulia, kinashuka kidogo, kinakwenda tena. Hakigusi. Hakichomi. Kinapiga ta-ta-ta, mahali pengine haraka, mahali pengine taratibu, na pembeni kalamu inadonoa karatasi. Kazi yako ni moja: kutotikisika. Moyo ule, mikono ile, na uambiwe usitikisike! Alphonse aliniwekea mifuko midogo ya mchanga kichwani huku na huku. Nilisali rozari nzima ndani ya kichwa.

Alinionyesha karatasi kabla ya kuipeleka. Nukta nyingi zimeumba kipepeo. Bawa la kulia jeusi, limejaa. La kushoto hafifu, karibu hakuna. Nikauliza maana yake. Akasema si kazi yake kusema, daktari atanieleza Jumatatu. Lakini alitabasamu, nami nimebeba lile tabasamu mpaka nyumbani.

Ijumaa, 25 Agosti 1961

Jana na leo ni kama mwezi.

Émile amejifunza kutambaa wiki hii. Wiki hii hasa! Anakuja moja kwa moja kwangu, magoti yakigonga sakafu, anacheka, nami nainuka na kwenda upande mwingine wa chumba. Anageuka, anakuja tena. Nainuka tena. Mwisho alikaa chini akanitazama. Hakulia. Angelia ingekuwa afadhali.

Mama mkwe alikuwa anaona yote. Amenitazama siku mbili: simgusi mtoto, nakula peke yangu, kikombe changu nakiosha mbali, nalala jikoni. Leo alifunga mlango akaketi.

“Mama anakatala kugusa mutoto wake juu ya kintu kimoja tu,” akasema. “Sema, mwanangu. Tshibawu inaua. Sema sasa, mutoto hayakufa bado.”

Tshibawu! Mimi! Yaani nimelala na mwanamume, nimeficha, na sasa naogopa kumgusa mwanangu kwa kuwa nikimgusa atakufa. Nikamwambia ni dawa. Akauliza: kama dawa ni mbaya kwa mtoto, wewe uliinywaje? Nikasema ni kidogo kwa mkubwa, nyingi kwa mdogo. Akauliza: iko wapi? Haionekani. Inanuka? Hainuki. Nani alisema usimshike? Alphonse. Akalirudia lile jina mara moja, taratibu, kama anayeonja chumvi.

Na baya zaidi, kila ninachofanya ni kile kile ambacho mwanamke mwenye tshibawu angefanya. Ningekuwa yeye ningeamini hivyo hivyo!

Lucien amefika sasa hivi, siku moja kabla. Duka limefungwa. Wale vijana wamechoma nyumba mbili ng'ambo ya mto.

Jumapili, 27 Agosti 1961

Tuko kambini kwa ONU. Tumekuja jana kabla ya mapambazuko, na vitu vinavyoingia kwenye godoro lililokunjwa. Cherehani imebaki.

Vijana walikuja na mawe na nondo. Virginie aligonga ukuta kutuonya — nyusi zake zile, Mungu ambariki. Tulipita nyuma, kwenye matete ya mto. Lucien alimbeba Émile. Mama mkwe aliteleza, nikamshika mkono, akauvuta mkono wake haraka kana kwamba ni kaa la moto. Kisha akateleza tena, ikabidi anishike.

Hapa hakuna nyumba. Watu elfu nyingi kwenye vumbi, kila mmoja na shuka lake na katoni zake. Lucien amesimamisha kibanda cha maboksi na bati moja. Mle ndani, ukinyoosha mguu unamgusa mwenzako. Baridi usiku ni kali, na mahali pa kumweka mtoto kwenye baridi ni kifuani pa mama yake, kila mtu anajua. Mimi nimelala nje, mlangoni, na watu wanaopita wameniona.

Kesho ni Jumatatu. Daktari ananingoja. Barabara ya mjini ina vizuizi, na wakisikia tu jina lako la Kiluba hawakuulizi la pili.

Jumanne, 29 Agosti 1961

Émile anaharisha.

Ni maziwa ya kopo na maji haya. Kuni hakuna, tunachemsha mara moja tu kwa siku, yakiisha watu wanampa yoyote. Anaharisha tangu jana asubuhi. Leo macho yameingia ndani, na ngozi ya tumbo ukiibana inabaki imesimama.

Nilikwenda kwa tabibu wa ONU, kijana mwekundu, hajui Kifaransa wala Kiswahili. Alitoa unga wa kuchanganya na maji — maji yale yale! Nilijaribu kumuuliza kuhusu maziwa yangu. Nikasema iode, nikaonyesha shingo, nikaonyesha kifua. Akaitikia kwa kichwa vizuri sana, akaleta pamba yenye iode, akataka kunipaka shingo. Nilicheka mpaka watu wakanitazama. Sijui kama kilikuwa kicheko.

Kifua kinauma chini ya kitambaa. Maziwa bado yapo. Nimefanya hesabu zangu mara mia: dawa imepungua, lakini imepungua kiasi gani? Alphonse alisema asirudi tena kabisa. Hakusema “ila kama anakufa kwa kuhara.” Hakuna aliyefikiria hilo kwenye chumba kile safi.

Jumatano, 30 Agosti 1961

Yuko mwanamke anaitwa Mado, mke wa binamu wa Lucien, kibanda cha tatu kutoka hapa. Ana binti wa miezi sita na maziwa mengi hadi yanalowesha nguo. Asubuhi nilimwendea. Nikapiga magoti, mimi, mbele ya msichana niliyemshonea gauni la harusi. Nikamwomba amnyonyeshe Émile.

Alilia kabla hajajibu. Anataka. Lakini mama mkwe ameshasema, na kambi nzima imeshajua. Tshibawu iliyofichwa inamfuata anayenyonyesha, inakwenda kwa mtoto wake. “Kama inasemwa, inatoka,” Mado akaniambia. “Ukisema, miye nitamupatia titi leo leo. Lakini nikimupatia wakati uko unaficha, mutoto yangu atakufa. Unisamehe, yaya.” Bado ananiita yaya, dada mkubwa.

Siwezi hata kumkasirikia. Yeye naye analinda wake kwa kitu kisichoonekana, kama mimi ninavyolinda wangu.

Jioni baba mkubwa Godefroid aliita watu. Ndiye mkubwa wa ukoo hapa, katekista wa zamani, miwani yake ilivunjika kwenye mbio na sasa anatazama kwa jicho moja kupitia kioo kimoja. Aliketi kwenye sanduku la nguo. Si mtu mbaya. Amechoka, amepoteza nyumba kama sisi, na ameletewa jambo ambalo analijua namna moja tu ya kulimaliza. Akanipa njia mbili. Kama niko safi, nimnyonyeshe mtoto hapo mbele ya wote. Kama si safi, niseme, wafanye yanayofanywa, na Mado amchukue.

Nikasema sifanyi lolote kati ya hayo mawili. Nikaeleza tena yote, tezi, iode, mashine. Walisikiliza kwa heshima. Baba mkubwa akauliza kama nina mtu wa kushuhudia. Nikasema Alphonse. Nikaona vichwa vikigeukiana.

Baadaye Lucien alinipeleka pembeni, penye mapipa ya maji. Alinishika mabega — hanigusi tangu Ijumaa, nilisahau uzito wa mikono yake.

“Nakuamini juu ya mwanaume,” akasema. “Hakuna mwanaume. Miye nayua. Basi umupatie titi, Mujinga. Ile dawa iko wapi? Uko muzima, unatembea. Mupatie.”

Nikamwambia haiko kwa ajili ya kuniua mimi. Iko ndani ya maziwa, na itakwenda kukaa kwenye shingo yake, na hatutaona kitu leo wala kesho. Tutaona miaka ijayo, na hapo maji yatakuwa yamemwagika.

“Miaka,” akasema. “Uko unaogopa miaka, na mutoto hana kesho.”

Namwogopa Lucien anapokuwa na haki.

Alhamisi, 31 Agosti 1961

Asubuhi Émile hakulia. Alifungua mdomo, sauti haikutoka.

Nilimchukua. Ndiyo, nilimchukua! Nilimpokonya mama mkwe, nikamweka kifuani, na mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye fundo la kitambaa. Alinusa. Aligeuza kichwa akaanza kutafuta kwa mdomo, nguvu zake zote zilizobaki. Mama mkwe alisimama, na usoni mwake niliona kitu ambacho sikutarajia, tumaini. Alitaka niwe safi. Muda wote huu alitaka niwe safi.

Sikufungua. Nilimrudisha mikononi mwake, nikamwambia aende kumwita baba mkubwa, nitasema.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Nimepima hivi: kuna maziwa yaliyo safi katika kambi hii, yako kibanda cha tatu, na yamefungwa kwa neno moja la mdomo wangu. Neno la uongo. Mtu atapimaje jina lake zuri na mtoto kwenye mizani moja? Nimeolewa miaka sita bila hata kumtazama mwanamume mwingine sokoni, isipokuwa kwa hasira. Haya. Nimezini. Andika, Mujinga, uone linavyokaa. Linakaa vibaya.

Nilimwambia Lucien kwanza. Niliona ni haki yake. Alisema nikifanya hivyo hawezi tena kuniita mke wake mbele ya watu, hata akijua ukweli, kwa sababu ukweli ataujua peke yake. Alisema, usinifanyie hivi. Kisha akaenda kukaa kwenye mapipa, mgongo kwangu, na hakunizuia. Sitasahau kwamba hakunizuia. Sijui kama nitamshukuru au nitamlaani.

Wamekusanyika. Nilisema mbele yao, kwa maneno machache, nimetazama chini. Nilidhani watapiga kelele. Hakuna aliyepiga kelele. Mama mkwe alikaa chini mavumbini na kujifunika kitambaa usoni. Baba mkubwa Godefroid alifuta kioo chake kimoja, akasema vema, mwanangu, umemwokoa mtoto. Nikadhani imekwisha.

Haijaisha. Lazima mwanamume atajwe. Dhambi bila mtu wa pili haijatoka, imetoka nusu, na Mado hawezi kunyonyesha juu ya nusu. Sikulijua hilo! Au nililijua na nikalisahau kwa kutaka kulisahau.

Nimeomba nafasi ya kukusanya moyo. Niko nyuma ya kibanda, naandika juu ya goti, na kupitia tundu la boksi nawaona wote.

Kama nikibuni mtu, baba mkubwa atauliza ni mtoto wa nani, anatoka wapi, na hapa watu wa Kasai wote tunajuana. Kama nikitaja marehemu, watasema marehemu hawezi kuulizwa. Na jina moja limeshakaa midomoni mwao, wananingoja tu nilitoe. Alikuja kwa baiskeli. Alisimama uani. Alizungumza karibu karibu. Nikisema Alphonse hakuna atakayeuliza swali jingine, na Émile atakuwa amenyonya kabla jua halijapanda.

Na vijana wa kambi hii wanatoka kila jioni na minyororo ya baiskeli kutafuta watu wa Katanga wa kulipizia kisasi. Binamu wa Lucien, mume wa Mado, yuko pamoja nao. Anaijua hospitali ya Alphonse. Amekaa pale, mbele, kichwa kimeinama, anasikiliza kuliko wote.

Alphonse aliniambia nikimpenda mtoto, mbali. Alisema hata akilia.

Mado ameketi na Émile mapajani. Ameshafungua vifungo vya blauzi, lakini bado ameshika upande mmoja wa nguo kwa mkono, amefunika, anatazama huku nilipo. Mtoto anatafuta kwa mdomo. Baba mkubwa ameniita mara ya pili, kwa upole, anasema jina tu, mama, la mtu mmoja.